Ukanda wa nyasi wa Babu

Jumatano, Endamarariek

Na bado mdogo wangu Paskali analaumu mvua. Si mvua. Ni mimi.

Babu alipohamia hapa kutoka Mbulu aliacha ukanda wa nyasi katikati ya mteremko, upana wa hatua nne, ili maji yasisombe udongo. Baba hakuugusa. Sisi ndugu watatu tulipogawana shamba, kila mmoja aliona lake dogo. Msimu huu, ndugu zangu wakiwa hawapo, trekta ilipofika kwenye ukanda nilimwambia dereva, "Pitisha tu, lima yote."

Leo mchana imenyesha nusu saa. Korongo limepasua shamba la Paskali mpaka langu, ndama akiingia humo haonekani. Mahindi na maharage ya ngwara, vyote vimekwenda na maji.

Mama alisimama ukingoni akaniuliza, "Babu yenu alihama Mbulu kwa kukosa ardhi. Ninyi mtahamia wapi?"

Juu ni msitu wa hifadhi. Chini ni mashamba ya watu. Nikaenda kuchukua jembe.

Jioni tulipanda nyasi ukingoni. Udongo ulimeguka nazo. Paskali, asiyejua nani alimruhusu dereva, alinishukuru kwa kuwa wa kwanza kushika jembe.