Baba, Dodoso Langu Lilikuruka

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza barua bila kukuamkia nitahisi umenirudishia karatasi niiandike upya.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani Mlali. Kaka Elia alikaa uani na wanawe wakipukuchua mahindi, na yule mdogo akawa analalamika sikio. Kaka akamwambia, "Afadhali wewe unasema. Babu yenu alikuwa mbishi, alificha ugonjwa mpaka ukamuua. Msije mkawa kama babu." Watoto wakaitikia, "Ndiyo, baba." Nilikuwepo, Baba. Nilikuwa na ungo mapajani, nikainamisha kichwa nikaendelea kupukuchua. Ndiyo maana nakuandikia, tena waziwazi, ili na wao wasikie. Kuna jambo nalijua peke yangu, na limenikaa kooni miezi sasa.

Nianze na kazi yangu, maana sikuwahi kukueleza bila kuringa. Wewe uliwaambia walimu wastaafu wenzako kwamba binti yako "anauliza watu maswali kwa kompyuta", na kweli ni hivyo tu. Natengeneza madodoso ya kujaza kwa simu. Mtu anatumiwa linki, anafungua, anajibu. Ufundi uko kwenye njia: jibu lako la kwanza ndilo linaloamua swali la pili. Ukisema una watoto, utaulizwa umri wao. Ukisema huna, dodoso linaruka na swali hilo hulioni kabisa. Ofisini walinisifu kwa kuruka huko. Bosi wangu alikuwa akisema dodoso likizidi dakika kumi watu wanalikimbia, na mimi nilikuwa bingwa wa kulifupisha.

Ungeniuliza wewe, ungenikumbusha ile Jumamosi nikiwa darasa la tatu. Tulienda kwa mama mmoja kumtafuta mwanafunzi wako mtoro. "Habari za hapa?" "Nzuri, mwalimu." "Watoto?" "Wazima." "Mifugo?" "Ipo." Mimi nikageuka kuondoka, si umeshaambiwa wazima? Wewe ukavuta kigoda ukakaa. Ukauliza habari za shamba, ukauliza za mvua, kisha ukarudi taratibu: "Haya, mama, na habari za tangu tuonane?" Ndipo aliposema mtoto yuko ndani, mguu umevimba, siku ya nne hakanyagi chini. Ulimbeba wewe mwenyewe mpaka zahanati. Tukiwa njiani kurudi nikakuuliza kwa nini mama yule alidanganya, ukanikaripia. "Hakudanganya. Humtupii mgeni shida zako mlangoni. Unampa nzuri kwanza. Akikaa, akauliza tena, unajua huyu anataka kujua."

Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa. Nilipofika ofisini, na kiyoyozi na kitambulisho shingoni, nikasahau.

Mwaka jana tukapewa dodoso la afya ya wazee. Swali la kwanza niliandika: kwa jumla, afya yako ikoje? Nzuri, ya wastani, mbaya. Anayechagua nzuri, nikaamua, asisumbuliwe na kurasa za magonjwa, aruke moja kwa moja mpaka mwisho. Kati ya kurasa hizo kulikuwa na ya wanaume wenye umri wako, inayouliza habari za haja ndogo: inatoka kwa shida? Inauma? Mgongo je? Ukurasa ule nilihangaika nao wiki nzima nikitafuta maneno ya staha, mzee asione amevunjiwa heshima.

Wewe ukaja kwangu Nkuhungu baada ya mavuno, na mfuko wa karanga na mlenda mkavu kana kwamba huku mjini tunakula mawe. Nikakupikia chai ya maziwa, ukaigusa tu. Wewe, ambaye mama alikuwa akikuficha birika! "Umeanza kuringa, Baba," nikakutania. Ukajibu kwamba chai ya mjini ni maji yaliyotiwa rangi, nikacheka. Maji nayo hukunywa. Leo najua ulikuwa unakwepa choo, kwa sababu changu kiko nje na kukifikia unapita mbele ya wapangaji wenzangu. Mara chache ulizokwenda, ulikaa huko sana. Niliona, Baba. Lakini kwetu binti hamuulizi baba yake mambo ya mkojo, na baba hamwambii binti. Simu ndiyo pekee iliyoweza kukuuliza bila kukuangalia usoni. Na maswali yenyewe nilikuwa nayo, nimeyatunga kwa mkono wangu, nimeyafungia nyuma ya "wastani" na "mbaya", maneno ambayo hukuwahi kumpa mtu yeyote kwa salamu ya kwanza.

Nilikuomba unisaidie kulijaribu dodoso lile kwenye simu yako. Ukavaa miwani, ukakaa mlangoni penye mwanga. Dakika mbili tu ukaniita. "Mama, mbona limeisha kabla halijaanza?"

"Ndiyo uzuri wake, Baba," nikasema. "Halikusumbui na yasiyokuhusu."

Nikaenda jikoni kusonga ugali, nikakuacha unabonyezabonyeza kwa kidole kimoja. Nilidhani unatafuta tarehe yako ya kuzaliwa. Uliporudisha simu mfukoni mimi nilifungua kompyuta, nikaona jina lako limefika, limepita njia niliyoipanga bila kukwama. Nikapiga makofi. Nakumbuka nilipiga makofi.

Kabla mvua hazijaanza, Kaka Elia akakuleta hospitali ukiwa umeshindwa kusimama. Daktari alisema ni saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa. Akauliza, "Mzee alianza kulalamika lini?" Nikajibu mimi, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Hajawahi kulalamika." Ulikuwa macho. Ulinitazama, ukafumba macho, na mimi nikadhani ni maumivu. Siku ya tisa tukakurudisha Mlali kukuzika. Msibani kila aliyetupa mkono alisema uliumia kimya kimya, wanaume wa zamani ndivyo walivyo. Nikaitikia, kweli, alificha.

Miezi mitatu baadaye kazi ile ilifungwa, nikaambiwa niyapitie mafaili ya majaribio kabla ya kuyafuta. Nikafika kwenye mstari wako. Afya: nzuri. Kisha visanduku vitupu, vitupu, vitupu, vyote vile nilivyokurusha. Kisanduku cha mwisho kabisa, ambacho huwekwa kwa kila mtu na hakuna anayekisoma wakati wa majaribio, kinauliza kama kuna lolote la kuongeza. Ulikuwa umekijaza. Nakiandika hapa kama kilivyo, na uandishi wako wa ualimu hadi kwenye nukta:

"Hali yangu ni nzuri, namshukuru Mungu. Ila nina shida ya haja ndogo tangu mvua zilizopita, na mgongo unaniuma. Naomba mnielekeze niende wapi. Tafadhali msimwambie binti yangu, ana kazi nyingi, atapata wasiwasi."

Nilifunga mlango wa ofisi nikakaa chini kwenye sakafu.

Ulidhani huko ndani kuna daktari. Ulidhani kuna watu wazima wamekaa wanasoma, watakupigia. Hakukuwa na mtu, Baba. Nilikuwa mimi tu, hatua kumi kutoka ulipokaa, nasonga ugali.

Sijui kama ungepona. Daktari niliyemweleza baadaye hakutaka kunijibu, akasema nisijitese. Madodoso bado natengeneza, kwa sababu sina kazi nyingine. Sasa afya wanaulizwa mara tatu, kila mara kwa mlango mwingine, na hakuna anayerushwa kwa kusema nzuri. Bosi analalamika kwamba yamekuwa marefu. Namwambia ndiyo, ni marefu. Sababu sijamwambia.

Uliomba nisiambiwe, na leo siri yako naianika mbele ya watu. Nisamehe kwa hilo. Ningeweza kuibeba mpaka kaburini, na nilikusudia hivyo, mpaka niliposikia wajukuu wako wanafundishwa kwa jina lako jinsi mtu asivyopaswa kuwa. Aibu ya mkojo utaivumilia, nakujua. Hiyo nyingine, ya kuficha, si yako.

Jumamosi naipeleka barua hii Mlali. Nitamwomba kaka awaite watoto, hata yule wa sikio, na nitaisoma mwenyewe kwa sauti. Sijui kaka atanitazamaje. Nitawaambia babu yao aliulizwa mara moja tu, haraka haraka, na mtu aliyekuwa na shughuli. Nitawaambia hakuficha. Alisema, akaandika, akaomba msaada kwa adabu, na maneno yake yalifika kwangu siku ile ile.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako.