Viatu Chini ya Pazia

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Posta.
Tarehe 14 Juni

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo huko uliko? Mumeo hajambo? Kile kikohozi cha mtoto kimekwisha? Na hizo zamu za usiku hospitalini, bado wanakupangia wewe tu kana kwamba wauguzi wengine hawana macho? Sisi huku ni wazima. Goti langu linauma linapotaka, na mama yako ameanza tena kula vizuri. Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu.

Tumeshinda kesi. Ulipopiga simu ulilia, ukaniuliza mbona mahakama haijasema kwamba mama hana hatia. Nikakuahidi kukuandikia, maana jambo hili halielezeki kwenye simu inayokatikakatika. Sasa kaa kitako nikufundishe kama zamani.

Jaji hakuulizwa kama mama yako, alipokuwa mwenyekiti wa halmashauri, aliwagawia jamaa zake vibanda vya soko jipya. Hilo lilikuwa swali la tume iliyoundwa na waziri. Jaji aliulizwa jambo jingine kabisa: je, tume yenyewe ilifuata sheria ilipomchunguza? Fikiria mtihani. Jaji hasahihishi majibu ya mwanafunzi, anamkagua msimamizi. Akikuta msimamizi alimnyang'anya mtoto karatasi kabla hajaandika neno, anaufuta mtihani mzima. Mapitio ya mahakama ndiyo hayo.

Na huyu msimamizi wetu alinyang'anya kweli. Wewe ulikuwa umeshasafiri. Mkuu wa tume alikaa katika ukumbi wa halmashauri, akaagiza mashahidi wasemee nyuma ya pazia ili wasijulikane. Akalitoa jukwaani lile la kijani, ambalo mafundi walilikata fupi makusudi ili lisiburute vumbi. Kwake yeye mgeni, lilikuwa pazia. Kwetu sisi tunaotambuana hata kwa kukohoa, lilikuwa dirisha.

Akaingia shahidi mmoja. Chini ya pazia tukaona viatu vya kahawia vyenye ncha nyeupe. Kisha ikaja sauti: "Kimsingi, mheshimiwa, huyu mwenyekiti ana tabia ya kubeba jamaa zake."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi saa, aliyekaa nyuma yangu, akapaza sauti, "Shikamoo, Kimsingi!" Mkuu wa tume akagonga meza, hajui watu wanacheka nini.

Naam, ni baba yako mdogo. Mume wa mdogo wangu mwenyewe, makamu wa mama yako, mtu asiyeweza kuomba hata chumvi bila kuanza na "kimsingi". Na viatu vile alinunuliwa na mama yako siku ya kuapishwa udiwani, kwa sababu vyake vilikuwa vimeachama. Unajua mama yako alimkosea nini? Alimnyima kibanda cha karibu na lango. Alimwambia tu, "Shemeji, wewe ni diwani. Vibanda ni vya wauzaji."

Mama yako aliposimama ili amuulize swali, mkuu wa tume akamkatiza: "Kaa chini, mama, huu si mkutano wa hadhara." Akakaa. Ripoti ikatoka, baraza likavunjwa, naye akavuliwa uenyekiti. Sokoni watu wakawa wananyamaza akipita. Siku moja nilimwona akizirudisha moja moja nyanya alizokwisha kuchagua, akaondoka na kapu tupu. Sijasahau, wala sina nia ya kusahau.

Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba siku ya hukumu nilivaa suti. Wakati wa kesi, wakili wa serikali alikuwa amedai kwamba mama yako hakunyimwa nafasi, kwani alikuwepo ukumbini. Jaji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akamuuliza, "Hata viti vilikuwepo ukumbini. Viliulizwa?" Wakili akafungua faili, akalifunga. Mimi nilikuwa naitazama shingo ya mkuu wa tume ikilowesha kola. Mungu anisamehe, niliitazama kama mwenye kiu anavyotazama maji.

Basi ripoti imefutwa. Uchunguzi utaanza upya chini ya tume nyingine, bila pazia, na mama yako atawauliza mashahidi ana kwa ana. Wewe unauona huu ni ushindi nusu. Mimi naona jaji ametupa zaidi ya tulichoomba. Angemsafisha mama yako siku ile ile, Kimsingi angerudi kwake akajifunika shuka, yakaisha. Sasa itambidi aketi mbele ya fundi saa na muuza nyanya, ayarudie yale maneno huku akimtazama usoni mtu aliyemvisha viatu.

Naye analijua hilo. Ijumaa alikuja kwangu, mdogo wangu nyuma yake, macho yamemvimba. "Kimsingi, shemeji, haya ni mambo ya ndani. Tuyamalize nyumbani." Nikamkaribisha chai, maana nililelewa. Nikamwambia, "Uliyaanzia ukumbini, utayamalizia ukumbini." Chai aliiacha.

Sasa atakupigia wewe, kwa kuwa anajua mama yako hakukatalii neno. Atalia. Usimtukane, bado ni baba yako mdogo, ila usimwombee. Mdogo wangu namhurumia, na mlango wangu u wazi kwake saa yoyote. Mumewe atangoja huruma yangu mpaka awe ameshajibu.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, huo moyo laini wa mama yako. Jana nilimkuta sebuleni akipiga pasi gauni lake la vikao. Nikamuuliza kama Kimsingi ameshafika kumlainisha.

"Amefika. Nimemwambia nimemsamehe."

Nikatafuta kiti. Yeye akaligeuza gauni upande wa pili, akaendelea kupiga pasi.

"Nimemsamehe kama shemeji," akasema. "Kama shahidi, tutaonana ukumbini. Na swali la kwanza ninalo tayari."

"Lipi?"

"Nitamuuliza kama viatu bado vinamtosha."

Msalimie sana mumeo, na umbusu mtoto kwa niaba ya babu yake. Mke wangu na binamu zako wote wanakusalimu. Mungu akulinde kazini, akupe na usingizi. Kiti cha mstari wa mbele nimeshakiomba; ukipata likizo, nitaomba na cha pili.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye bila kubakiza,

Mwalimu