Nilisinzia Mbele ya Mgonjwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu utaniuliza nimekula nini na mazungumzo yataishia hapo hapo. Goti lako linaendeleaje? Na mdogo wangu, bado anapita kukuona, au kazi imemzidi? Sisi huku hatujambo. Baba watoto anakusalimu sana, na wajukuu zako wanagombania kitanda cha dirishani kama kawaida yao.

Nina habari ya kukueleza, nayo ni ndefu kidogo. Tafadhali usiikatize katikati.

Kazi yangu unaijua. Kutwa nakaa kwenye kile chumba chenye kitanda chembamba na feni inayolia, na karibu kila anayeingia namwambia apunguze uzito. Goti, punguza uzito. Presha, punguza uzito. Hotuba hiyo nimeikariri. Wapo wanaonitazama kuanzia miguuni hadi kichwani kwanza, maana mwili wangu nao unaujua, wewe ndiye uliyenilea. Fundi bomba mmoja aliwahi kuniuliza, "Sawa, daktari, tunaanza wote lini?" Nilicheka naye, kisha nikamwandikia dawa.

Basi mwezi uliopita alikuja mama mmoja mshona mapazia, mnene kunizidi kidogo. Alisema kila akiamka kichwa kinamgonga, na mchana uchovu unamwelemea hata akiwa kwenye cherehani. Huko nyuma nilikuwa nimeshamwambia apungue. Safari hii nilimwacha aeleze, hotuba yangu ikiwa tayari mdomoni. Kilichofuata sikukisikia. Nilisinzia, mama. Nilisinzia kwenye kiti changu, kalamu mkononi, mgonjwa akizungumza.

Niliamshwa na nesi mkuu akinitikisa bega. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Alieleza kwamba mwanzoni alidhani habari zake zimenichosha, akataka kujiondokea zake. Mara nikaanza kukoroma, halafu kimya, kifua hakipandi wala hakishuki. Akaona daktari anamfia hivi hivi, akatoka mbio kuita watu. "Samahani kama nimekuaibisha," akasema. Mimi ndiye niliyepaswa kuomba radhi, nikaomba. Alipoondoka, nesi alifunga mlango akaniambia bila kupepesa macho kwamba si mara ya kwanza kunikuta nimesinzia, na kwamba ipo siku nitaua mtu, ama mgonjwa, ama mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani.

Nikaenda hospitali nyingine, kwa daktari wa mambo ya usingizi. Kijana kabisa, wa kumtuma dukani. Njiani nilijitungia majibu: kazi nyingi, nimezaa, ukoo wetu ndivyo ulivyo. Hakuyahitaji. Aliniuliza nalalaje, naamka nikiwa na hali gani, mume wangu husikia nini. Aliuliza mpaka nikachoka mimi. Mwishoni ndipo akasema, "Uzito nao unachangia katika jambo hili. Ungependa tuuzungumzie leo, au tuuache kwanza?"

Miaka yote ya udaktari sijawahi kumuuliza mtu swali hilo. Nilimwambia tuuache. Akauacha kweli, hata uso haukubadilika. Niliporudi mara ya pili, niliuanzisha mwenyewe.

Walinilaza huko wakanipachika nyaya kichwani na kifuani. Majibu ni kwamba nikilala koo linajiziba, pumzi inakatika, mwili unashtuka, mambo yanaanza upya, hivyo hivyo hadi asubuhi. Ugonjwa huu huwapata hata wembamba, ila sisi wanene unatupenda zaidi. Sasa nalala na kifaa usoni kinachonisukumia hewa. Mume wangu anasema ameoa rubani uzeeni. Lakini naamka nikiwa mtu. Yule mshona mapazia nilimwita tena, nikamsikiliza hadi mwisho, nikamtuma kwa kijana yule yule. Naye amekutwa nao.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu.

Siku ya majibu niliingia kwenye gari nikashindwa kuliwasha. Nilikuwa namsikia baba. Unakumbuka alivyokoroma, kisha kimya, kisha akashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mimi na mdogo wangu tulikuwa upande wa pili wa ukuta, tumeziba midomo kwa vicheko, tunasubiri aanze tena. Wewe ulihamia chumbani kwetu kwa sababu hulali na asubuhi una kazi. Ile asubuhi ulipomkuta ameshapoa, ulisema kama ungekuwa ubavuni mwake ungemwamsha. Najua bado unajiambia hivyo. Kile chumba hujarudi kulala hadi leo.

Siwezi kuapa, kwa kuwa hakuna aliyempima. Lakini kwa ninayoyajua sasa, naamini baba alikuwa na ugonjwa huu, na uliuchosha moyo wake kwa miaka. Ungemwamsha usiku ule, ingebidi umwamshe na uliofuata, na mwingine, na mwingine. Hakuna mke awezaye hilo. Hospitali alikwenda, akalalamikia uchovu. Wakamwambia apunguze tumbo. Alirudi amenuna, na hakukanyaga tena. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Kosa halikuwa lako, mama. Halijawahi kuwa lako.

Mdogo wangu naye anakoroma vivyo hivyo, mkewe amenieleza. Hospitali hataki, anasema atakachoambiwa anakijua. Akija kwako, tafadhali usimtajie mwili wake, hata kwa utani. Muulize tu usingizi wake ukoje, kisha umwache aseme mwenyewe. Mengine nitaongea naye nikija mwisho wa mwezi.

Wasalimie majirani wote, na shangazi umwambie miwani yake imepatikana, nitamletea. Nakuombea ulale vizuri, chumba chochote utakachokipenda.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako.