Bega Langu Kwenye Bango la Mafuta

Mpendwa mume wangu Sefu,

Wewe uko Korogwe kwa mchapaji wa mabango, mimi niko hapa Mkata na mashine yetu ya kukamua ufuta. Jana jioni nilikukatia simu bila kukujibu. Nakujibu sasa, kwenye ukurasa ule ule wa mtandaoni unaotangazia mafuta yetu. Waliolitazama bega langu hapo, wasome na maneno yangu.

Kwanza ujue nakupenda. Ndoa yetu bado mbichi, ukikohoa tu uani moyo wangu unaruka! Wenzangu wananicheka kwamba nikitaja jina lako nasahau nilichokuwa nasema. Waache wacheke.

Unaikumbuka fungate yetu? Somo wangu aliyenifunda, Bi Mwajuma, alikuja kutoka Kwedizinga kunitunza. Kila asubuhi alinipaka mafuta uliyoyakamua wewe mwenyewe, na siku moja akanichora ua la piko begani. "Kila mwali wangu ana ua lake," alisema. "Hili mumeo ndiye wa kulitazama." Ukaingia bila hodi, akakufukuza na kitana mkononi: "We bwana harusi, huna haya? Toka, hatujamaliza!" Alipoondoka ukarudi. Nilikuwa nimejifunga kanga kifuani, nimekupa mgongo, nakucheka, ukanipiga picha kwa simu. Ulisema utakuwa unaitazama ukiwa safarini. Sefu wangu, sijawahi kujiona mzuri kama siku ile.

Kisha nikaikuta picha hiyo kando ya barabara, mabasi yanaposimama. Uso ulikuwa umeukata. Mgongo wangu, bega langu, mafuta yanang'aa, na chini maneno: "Laini kama bi harusi." Ulinishika mkono kwa furaha. "Hakuna atakayejua ni wewe. Biashara ni macho, mke wangu. Siku hizi hata sabuni haiuzwi bila mwanamke."

Uso uliukata, ua la piko ukaliacha.

Wanaume hawakulijali. Wanawake walilitambua papo hapo, kwa sababu kazi ya Bi Mwajuma inajulikana toka Kwedizinga mpaka kwetu Kang'ata. Alipokuja mwenyewe nilimwamkia, "Shikamoo, somo," hakuitikia. Alisimama mbele ya bango, akajitanda kanga upya kama vile yeye ndiye aliyeachwa wazi. "Nilikuweka ndani watu wasikuone," akasema. "Mumeo amekuanika stendi." Tangu hapo hajanunua mafuta kwetu. Wanaomsikiliza yeye, wenye mwali ndani na wenye watoto wachanga, nao wanapita moja kwa moja. Hao ndio waliokuwa wateja wetu, Sefu.

Wewe unasema watu wanasimama. Kweli, wanasimama! Juzi dereva wa lori alishuka na soda yake, akatazama mpaka akaimaliza. Nikamuuliza, "Kaka, nikupe chupa ngapi?" Akacheka. "Mafuta ya nini, dada? Mimi nataka mwenye bega." Utingo wake akapiga mlango wa lori kwa kicheko. Wakaondoka, chupa zikabaki zimejipanga vilevile. Nilikuwa nimevaa dera la mikono mirefu, lakini nilijikumbatia kama mtu anayesikia baridi.

Jana ukanipigia kunieleza kwamba bango jipya litakuwa kubwa zaidi, na picha itabandikwa kwenye kila chupa. Nilipokataa ukalainisha sauti: "Basi, kipenzi, usikasirike. Mchapaji ana picha za wasichana wengine. Tutaweka mmoja wao."

Hapo ndipo nilipokata simu. Kwa sababu nilishusha pumzi, Sefu. Nilifurahi kwamba si mimi. Halafu nikamfikiria huyo msichana. Na yeye kuna mtu aliyempaka mafuta, akamfunga kanga, akamwambia ni mzuri. Atatazamwa vilevile, soda itanywewa, na hakuna atakayeondoka na chupa. Maumivu yale yale, nayakubalije kwa kuwa tu mgongo ni wa mwenzangu?

Unataka mafuta yako yajulikane. Mimi nataka hivyo kukushinda! Yananukia ufuta uliokaangwa sasa hivi, na mwanamke akipaka tone moja mkononi haoni haja ya kushawishiwa. Mwambie mchapaji achore ufuta. Achore mashine. Au akupige picha wewe ukikamua, ili Mkata nzima ione mume niliyempata, ila shati usivue.

Leo asubuhi nimelishusha bango la zamani. Nimepanda ngazi mwenyewe, stendi nzima inanitazama, nikalikunja. Ukirudi na jingine lenye mwili wa mtu, wangu au wa mwingine, sitarudi kwetu Kang'ata wala sitakununia. Nitakupokea mzigo, nitakupikia, nitalala ubavuni mwako kama mke anayempenda mumewe. Lakini chupa hizo sitauza hata moja. Utasimama wewe chini ya bango lako, na kila atakayeuliza mwenye mwili yuko wapi, utamjibu wewe.

Mchapaji bado hajawasha mashine. Zungumza naye, kisha unipigie. Nitapokea kabla haijaita mara ya pili.

Mimi mkeo, ninayekupenda na niliyekasirika.