Ukisema "Tuseme", Umeshafanya

Nyumbani, juu ya duka la viatu,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyekufikisha huko na anayekutunza. U hali gani? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakidekeza? Na unakula kabla ya kwenda kazini, au ni chai tupu kama kawaida yako? Sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua kukiwa na baridi, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Dirisha la sebuleni limetengenezwa. Sasa linafungika, ila halifunguki. Nimeshukuru kwa nusu hiyo.

Sasa lile uliloniachia. Uliponikabidhi mkoba wa dadu, ukaniambia nisimulie mimi hadithi isife, nilipokea kwa shaka, maana dadu nilizijua za kamari tu. Nimeona sivyo. Mmoja anasimulia, kila mwingine ana mtu wake ndani ya hadithi na anasema huyo mtu afanye nini. Jambo likiwa gumu, dadu zinaamua. Basi nikaomba Mungu, nikasimulia.

Shida ilikuwa mwendo. Hadithi ilitambaa. Mimi mwenyewe nilieleza mapazia ya kasri mpaka yule muuguzi jirani yetu, katoka kazini hoi, akasinzia na kikombe mkononi. Hayo nimeacha. Siku hizi nasema: chumba kina giza, kuna mtu anapumua, mnafanyaje? Halafu nanyamaza.

Lakini kisiki hasa alikuwa kaka mkubwa. Fundi saa maisha yake yote, na akikaa mezani hana habari na saa. Zamu yake ikifika anaanza: tuseme nafungua mlango, itakuwaje? Tuseme siufungui, napiga hodi? Tuseme napitia dirishani? Ukimwambia haya, umepita dirishani, anajibu kwamba hapana, alisema tuseme tu. Mlango ule ule ulitukalisha Jumamosi baada ya Jumamosi.

Makasi, yule kinyozi, akanivutia ngazini. Alisema kaka anampenda kama mzee wake, lakini hawezi kufunga duka na kuacha wateja ili aje kutazama mlango. Usipofunguliwa safari hii, yeye basi.

Hapo nikabanwa. Makasi akiondoka, meza imevunjika. Na kaka nitamwondoaje? Tangu tumzike wifi yetu, mezani pale ndipo anapotamka zaidi ya "asante" na "nimeshiba". Siku nyingine zote mlango wa chumba chake unabaki umerudishwa.

Nilimwomba Mungu anipe neno, na neno akanipa lile lile la kaka. Jana, kabla dadu hazijatoka mkobani, nikatangaza kwamba mezani pangu, ukisema "tuseme", umeshafanya.

"Hiyo nimeipenda, dada," Makasi akasema. "Mzee, chunga mdomo."

Zamu ya kaka ikafika. Mazoea yakamshinda. Tuseme anaufungua. Nikamwambia umefunguka, na nyuma yake kuna shimo, ngazi imeoza, mtu anaita huko chini. Akalalamika kwamba alikuwa anauliza tu. Tukamtazama. Basi, akasema, tuseme anashuka. Akatupa dadu mwenyewe, ikaangukia moja, na moja ndiyo mbaya kuliko zote.

Mtu wake wa hadithini, yule mzee mshika taa uliyemtungia wewe, naye akamtunza tangu siku ya kwanza, akaanguka akafa. Sikumwokoa. Ningemwokoa, sheria yangu ingekuwa mzaha.

Kaka akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akasukuma kiti nyuma. Nikajua anarudi chumbani, na kwamba kumtoa tena itakuwa kazi. Makasi alikuwa ameinamisha kichwa; hata yeye hakutaka yafike huko.

Kumbe kaka anainama kuokota dadu iliyodondoka.

"Tuseme," akasema, "nimezaliwa upya."

"Umeshazaliwa, mzee," Makasi akamjibu. "Usilie, shika dadu."

Muuguzi akauliza kama ni wa kike au wa kiume, maana yeye lazima aandike. Kaka akacheka. Mdogo wangu, kicheko kile nilikuwa nimekisahau kilivyo.

Sasa ana ombi. Huyu mpya anataka umpe jina wewe, kama ulivyompa yule wa kwanza. Jumamosi anaingia hadithini, akiwa na jina au hana, kwa kuwa siku hizi hatusubiri mtu.

Mama anakusalimu. Muuguzi pia. Makasi anasema huko usimpe mtu mwingine kichwa chako. Salamu za kaka ni ndefu, nimezifupisha: anakukumbuka.

Mungu akufunike ulalapo na akutangulie uamkapo. Naomba unijibu mapema, kabla ya Jumamosi.

Ni mimi dada yako akupendaye.