Nilizima Mtandao wa Mtaa ili Kumkomoa Shoga Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana siku hizi cherehani naiangalia tu. Mimi ni mshonaji, nyumba yangu iko juu mwinukoni, na mtaa ulipochanga kujiwekea intaneti yetu wenyewe ya bei nafuu, kifaa kimoja kilifungwa kwenye paa langu, tukafurahi kweli, watoto wakawa wanasomea nyumbani, mimi napokea oda kwa picha, hata seremala wa bondeni, mzee mjane, akawa anaonana na binti yake aliye ng'ambo kila jioni bila kununua bando. Sasa shoga yangu wa saluni akasema mbele ya wateja kwamba magauni yangu yanavuta mabegani, nikaona nimkomoe, na kwa kuwa kifaa kimeelekea kwake nikajua kinamlisha yeye tu, basi kila jioni saluni ikijaa nachomoa waya, nacheka peke yangu, wiki nzima, kumbe fundi aliyekifunga alishaeleza kwenye mkutano wa mtaa kwamba bonde lote linapokea kupitia paa langu, ila mimi sikuhudhuria, nilikuwa nampima mteja kiuno.

Wiki hiyohiyo binti wa seremala alijifungua, akawa anapiga ili baba yake ataje jina la mtoto kama walivyoahidiana, hampati, mwishowe babu wa upande wa pili akatoa jina. Mzee anasema, "Mwanangu kanisahau," na sasa binti akipiga, hapokei. Binti kaniandikia mimi kuniuliza kama baba yake kamkasirikia. Sijamjibu. Waya nimesharudisha. Je, ninyamaze yaishe, au niseme nichekwe na mtaa mzima? Najuta, mshauri, najuta mpaka usingizini.

Mshonaji,

Pole, ingawa umejitakia. Umemkomoa nani? Shoga yako bila shaka alinunua bando akaendelea kusuka nywele. Hasira hasara, tena safari hii hasara kaibeba asiyekuwemo kwenye ugomvi. Na gauni likivuta mabegani hufumuliwa likashonwa upya, haliponi kwa kuchomoa waya.

Yaishe vipi? Mzee anaamini binti kamtupa, binti anaamini baba kamkasirikia, na anayejua kwamba wote wamekosea ni wewe peke yako. Kila siku unayonyamaza unawazimia mtandao tena. Mtaa utakucheka wiki moja, kisha utapata mwingine wa kumcheka.

Ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu. Iambie kamati ya mtandao wenu ulichofanya, na uwaombe kifaa kikae mahali ambapo mkono wa mtu mmoja hautoshi kukizima. Lakini kwanza shuka kwa seremala. Mpigie binti kwa simu yako, mbele ya baba yake, na kabla hawajasalimiana sema, "Ni mimi niliyewazimia mtandao." Usitaje saluni wala gauni. Jina la mtoto limeshapita, halirudi, na hilo utaishi nalo.

Mzee akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Simu mwachie.