Neno Alilobaki Nalo Mama

Mukendo, Musoma
9 Februari 2024

Dada Scholastika,

"Neno hilo ni la Kisukuma. Ninyi wa Butiama mliliokota kwetu siku mlipookota ng'ombe wenyewe. Kwa hiyo dada yangu anaita kwao, na kwao nitampeleka."

Hayo ni maneno ya Mjomba Silasi, kama ulivyoninukulia Jumapili. Nimeyaweka hapa juu kabla hata ya salamu ili yasipoe.

U hali gani, mdogo wangu? Mgongo unaendeleaje? Mama amelalaje? Mimi nipo, kifua kinabana kidogo asubuhi, ni vumbi tu.

Sasa turudi kwa Mjomba. Kiharusi kilipompiga mama wiki ya Krismasi kilichukua maneno yote, kikamwachia moja: ng'ombe. Mjomba amelisikia mara moja, kakaa mlangoni na soda mkononi, na tayari anajua ni lugha gani na mgonjwa anataka kufia wapi. Kwa neno moja anataka kumng'oa mwanamke kwenye nyumba aliyoolewa, ampeleke Bunda, na akifa amzike huko, mbali na kaburi la baba.

Mwambie hivi. Mkikuyu anasema ng'ombe. Mgusii anasema eng'ombe. Shuka kusini, Mshona anasema mombe, Mzulu anasema inkomo. Kata bara mpaka Namibia, Mherero anasema ongombe. Wote hao walipita Bunda kwa Mjomba Silasi kuokota? Na hapa jirani kabisa, Mjaluo anasema dhiang' na Mhaya anasema ente, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hawajui kufuga. Neno lilitembea. Lilibebwa na wachungaji, na wanawake walioolewa mbali, na wezi wa mifugo pia. Halina alama ya chuma cha moto pajani, useme huyu ni wa fulani.

Mama haondoki Butiama. Mimi ndiye mkubwa, na nimesema.

Simu sipigi tena, kama ulivyonikataza. Umeniambia akisikia sauti yangu kwenye spika anageukia mlango na kuhangaika. Basi barua zitakuja na Benson wa gari la maziwa.

Kaka yako,
Revocatus


Butiama
18 Februari 2024

Kaka Revocatus,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mama leo amekunywa uji nusu kikombe. Pole na kifua, jifunge shingo unapotoka asubuhi.

Barua yako niliisoma nikiwa nafua. Wakati wewe unafika Namibia mimi nilikuwa nasuuza shuka la pili, kwa hiyo sikuweza kukufuata mpaka huko.

Mjomba amelisikia neno mara moja, mimi nalisikia kutwa. Akitaka maji, ng'ombe. Akiumwa, ng'ombe. Katekista alimletea komunyo, akasema, "Mwili wa Kristo." Mama akajibu, "Ng'ombe." Katekista akaniangalia. Nikamwambia, "Mpe tu, ndiyo amina yake." Akampa.

Baba mdogo Bernado naye amekuja. Yuko upande wako, lakini hoja yake ni ile ile ya Mjomba, kaigeuza tu. Anasema neno ni letu sisi, na mama anawaitaga ng'ombe wa marehemu baba, kwa hiyo ni lazima alale pembeni ya mume wake. Mjomba alikuwepo. Wakaanza.

"Wewe Bernado, Kisukuma unakijua?"

"Ng'ombe nawajua."

"Wako wapi? Mbona zizini kwako naonaga mbuzi tu?"

"Na wewe wa kwako wako wapi? Umewauza ukanunua pikipiki."

Walikuwa wamekaa huku na huku, mama kalala katikati. Hakuna aliyemfukuzia nzi.

Sina hasira, kaka. Zamani nilikuwaga na hasira, unanijua. Sasa hakuna kitu, ni kama mkono uliolaliwa. Namgeuza, namfuta, namgeuza tena. Asiposhika mtu wa pili anatoka vidonda, na mimi peke yangu simwezi.

Njoo. Sikuulizi neno limetoka wapi. Njoo tumgeuze wawili.

Mdogo wako,
Scholastika


Mukendo, Musoma
3 Machi 2024

Dada Scholastika,

Salamu nyingi. Natumaini uji sasa unapita vizuri zaidi. Kifua changu hakijambo. Nimempa Benson pampasi, mafuta ya mgongo na sabuni ya mche.

Kuhusu kuja, wiki hii nimefungwa. Kuna bwana mmoja ameandika gazetini kwamba Mara haina historia ila ya vita vya mifugo, na nisipomjibu sasa watoto wa shule watayameza hayo kama yalivyo. Nikimaliza naye nitakuja.

Lakini nimekuwa nikilifikiria suala letu. Chukua Madagaska. Lugha ya kule asili yake ni mashariki ya mbali, ng'ambo ya bahari nzima. Walikuja na maneno yao mengi, lakini ng'ombe wanamwita omby, na wanaozisoma lugha wanasema walilipata kwa watu wa upande wetu wa Afrika. Nani aliyewapa? Hakuna anayejua jina lake. Pengine alikuwa mwanamke akiwafundisha watoto kukamua. Sasa Bernado na Silasi, watu wawili wenye pikipiki moja na mbuzi wachache, wanagombania neno lililokwisha kuvuka bahari wakati babu zao hawajazaliwa. Hii si hoja, ni njaa ya mazishi.

Tumalize kwa jaribio. Wote wawili wanasema mama anaita ng'ombe. Basi mleteeni ng'ombe. Mfungueni yule mwekundu wa baba aliyebaki, msimamisheni mbele yake. Akimwangalia asishtuke, hoja za wote wawili zimekufa, na hakuna atakayemhamisha mama kwa ajili ya neno.

Niandikie matokeo.

Kaka yako,
Revocatus


Bunda
25 Machi 2024

Kaka Revocatus,

Shikamoo. Bwana awe nawe. Pampasi zilifika, asante. Mafuta nayo ni mazuri, ila hakuna wa kunipaka.

Matokeo ni haya. Baba mdogo Bernado alishika kamba, watoto wa jirani wakajaa uani. Ng'ombe akaingiza kichwa mlangoni, akanusa blanketi. Mama akamtazama kama anavyotazama ukuta. Halafu akanigeukia mimi, akasema, "Ng'ombe."

Bernado akasema, "Umeona? Kamtambua."

Nikasema, "Baba mdogo, mtoe huyo mnyama nimshikie mama beseni."

Alikuwa amebanwa na mkojo. Mimi najua kwa uso wake. Kwa hiyo jaribio lako limefanyika, wala sijui limemshinda nani. Ng'ombe aliacha kinyesi mlangoni, nikasafisha na hicho.

Umeona hapo juu nimeandika Bunda. Jumanne iliyopita nimempeleka mama kwa Mjomba. Usinirukie, nisikilize kwanza. Sikumpeleka kwa ajili ya neno. Mama Jeska, mke wa Mjomba, alikuja Butiama kutuona. Akamwinua mama mara moja, mkono chini ya mabega, mkono chini ya magoti, kama anainua mtoto aliyesinzia. Akaniambia, "Mwanangu, nenda kalale. Huyu ni wifi yangu, niko naye." Nikalala mpaka jua likawa juu. Nilipoamka mama alikuwa amefutwa, amesukwa nywele, shuka limeanikwa.

Nikaona mikono hii iko Bunda, basi twende ilipo.

Bernado alitukuta tunapandisha godoro kwenye gari. Akasema nimeuza ukoo. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mama kisigonge bodi.

Mdogo wako,
Scholastika


Mukendo, Musoma
28 Machi 2024

Scholastika,

Umempa Silasi ushindi mkononi bila yeye kutoa hata hoja moja ya kweli. Mama akifia hapo, atasimama kaburini mbele ya watu aseme neno limemrudisha kwao, na watu wataitikia. Uongo ukishasemwa kaburini hauna wa kuufukua. Mikono ya kusaidia ingelipiwa hapo hapo Butiama. Ungeniambia.

Mrudishe wiki hii.

Revocatus


Bunda
30 Juni 2024

Kaka Revocatus,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima na kifua kimetulia. Ile barua ya mwisho sikuijibu kwa sababu haikuwa na salamu.

Huku ni msimu wa pamba. Mama Jeska anachambua pamba yake pembeni ya kitanda, na mama analala amemwelekea. Wamekuwa wakipiga soga kutwa. Nikuandikie uwasikie:

"Wifi, bei ya mwaka huu umeisikia?"

"Ng'ombe."

"Hata mimi nimewaambia hivyo hivyo. Wakanicheka."

"Ng'ombe."

"Si wanaume hao. Wana nini la kusema?"

Wajukuu wa Mjomba mwanzoni walikuwa wanacheka kwamba bibi anawaita ng'ombe. Baadaye akiita wakawa wanaitika, "Abee bibi," wanakuja kuangalia anataka nini.

Mjomba alijaribu kumwuliza kwa Kisukuma anataka azikwe wapi. Akamtajia vilima, mito, watu waliokufa zamani. Mama akajibu lile lile, akafumba macho. Mjomba akatoka nje, akakaa juu ya pikipiki yake bila kuiwasha. Tangu siku hiyo hajalizungumzia neno. Lakini la kumzika hapa hajaliacha, na Bernado naye hajaacha la kumrudisha Butiama. Wote wananiambia mimi, kwa zamu, kana kwamba nimebeba kitu chao mfukoni.

Sasa sikiliza. Tangu wiki iliyopita mama hasemi. Hata hilo limeondoka. Mama Jeska anamsemesha, anamwachia zamu yake, halafu anaendelea mwenyewe. Nimengoja nione nitaumia wapi, sijaona. Nachota maji, napika, nachota maji.

Kama ulitaka kupiga simu, sasa unaweza. Hageukii tena mlango.

Mdogo wako,
Scholastika


Mukendo, Musoma
11 Julai 2024

Dada Scholastika,

Pole, mdogo wangu. Umelala? Umekula chochote tangu juzi? Mpe pole na Mama Jeska, mwambie sijapata namna ya kumshukuru.

Nimefika Musoma salama. Jeneza bado, fundi anasema vanishi haijakauka na bawaba moja haikai sawa. Nimekaa kwenye benchi lake nikimtazama akipiga randa mbao nyingine. Watu wanapita wananipa pole, naitikia, maneno yanatoka yenyewe. Ni kama mdomo mzima umechomwa sindano ya ganzi, nauma ulimi sisikii. Siku zile nilizokaa nanyi Bunda ulinipa upande wa miguu, tukawa tunamgeuza. Hakunisemesha wala sikumsemesha. Mpaka alipokata roho nilikuwa sijatamka sentensi moja ya maana katika chumba kile.

Sasa nina kazi moja. Mjomba amenipigia, Baba mdogo naye amenipigia. Kila mmoja anataka kesho asubuhi niseme upande wake, kwa kuwa nina maneno. Jeneza litanichelewesha, kikao cha mazishi kitaanza kabla sijafika. Benson atakufikishia hii leo. Yanayofuata wasomee kwa sauti, wote wawili wakiwa wamekaa.

Mjomba Silasi, shikamoo. Baba mdogo Bernado, shikamoo.

Nimebishana nanyi kwa miezi mitano na hoja zangu bado naziamini. Lile neno si la Bunda wala si la Butiama, na nikitakiwa nitalisema hilo popote. Lakini kikaoni silisemi, na ninyi msiliseme. Mama hakuwa akitoa ushahidi. Alikuwa akiomba maji.

Waliojua anaomba nini ni Scholastika na Mama Jeska. Mama Jeska ameniambia kwa kinywa chake kwamba uamuzi ni wa Scholastika. Basi nawataka hivi. Scholastika ndiye atakayeonyesha mahali. Akisema Bunda, wewe Baba mdogo uje na jembe lako, uchimbe na wenzako. Akisema Butiama, wewe Mjomba upande gari na jeneza, usibaki nyuma. Msimwulize sababu. Msimpigie hesabu za ukoo masikioni. Na akikaa kimya, kaeni kimya naye, hata kama jua litapanda na watu wa msibani wanasubiri, mpaka aseme.

Mtoto wenu,
Revocatus